Kopo la Ijumaa

Kiwandani, katika eneo la viwanda la Thika, hakuna aliyemwita Mutheu kwa jina lake. Aliitwa Macho. Hata Gichuru, msimamizi wa zamu ya mchana, alipomhitaji alisimama mlangoni na kupaza sauti juu ya kelele za mashine, "Macho yuko wapi? Aje mkanda wa pili!" Naye Mutheu alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na minane, shingo yake imeinama mbele kidogo kwa sababu ya kuinamia njugu kwa miaka kumi na mitatu.

Kazi yake ilikuwa kuchambua. Njugu karanga zilifika kwa magunia kutoka magharibi ya nchi na ng'ambo ya mpaka, zikapita kwenye tanuri, zikavuliwa ngozi nyekundu, kisha zikamwagwa juu ya mkanda mweupe uliotembea bila kusimama chini ya taa kali. Wanawake kumi na wawili waliketi pande zote mbili, nywele zimefunikwa, vidole havina pete. Kila mmoja alikuwa na ndoo mbili magotini: ya manjano kwa zilizovunjika, nyekundu kwa zilizoharibika, yaani zilizonyauka, zilizogeuka rangi, na zilizoota ukungu wa kijani au wa kijivu. Za ndoo nyekundu hazikutakiwa kumfikia mnunuzi hata moja.

Mutheu alizitoa kana kwamba hazitazami. Siku moja mkaguzi kutoka kwa wanunuzi alichanganya kwa siri njugu mbovu hamsini kwenye mkanda wake ili ampime. Alitoa arobaini na tisa. Ya hamsini ilipatikana kwenye mfuko wa aproni yake. Alisema alikuwa bado anaifikiria. Wenzake walicheka hadi Gichuru akazima mkanda.

Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema kwamba mali ya ndoo nyekundu iteketezwe kwenye moto wa tanuri siku hiyo hiyo. Lakini kiwanda hicho kilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo haikuandikwa ukutani. Meneja wa kwanza, mtu mwenye huruma, aliwaruhusu wachambuaji kwenda nyumbani kila Ijumaa na kopo moja la njugu zilizovunjika, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Wanawake waliliita baraka. Baadaye alipatikana mnunuzi wa zilizovunjika, ndoo ya manjano ikaanza kupimwa kwa mizani, na baraka ikakatika. Kina mama walinung'unika wiki mbili. Gichuru, ambaye hakupenda manung'uniko kwenye zamu yake, aliwaonyesha kwa kidevu magunia yaliyorundikwa nyuma ya stoo yakingojea moto.

"Chukueni za huko," alisema. "Si nyinyi ndio mnajua kuchambua?"

Wakachukua. Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita.

Mutheu hakuwa mjinga wa ukungu. Alizaliwa Makueni, na ule mwaka wa mahindi, elfu mbili na nne, alimzika shangazi yake na binamu wawili katika wiki moja. Walikuwa wamevuna mvua ikinyesha, wakayaficha mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, wakayala yakiwa na harufu. Alipohamia Theta, upande huu wa Thika, na mumewe mwaka uliofuata, aliapa kwamba mahindi ya gunia hayataingia jikoni mwake. Alinunua unga wa pakiti hata siku ambazo pakiti ilikuwa ndogo kuliko njaa. Kwa hiyo njugu za Ijumaa hakuzipokea ovyo. Jumamosi asubuhi alizitandaza kwenye uteo uani, jua likiwaka, akazichambua upya. Katika konzi kumi alibakiza nne. Zilizobaki zilikuwa nyeupe na nzima, huwezi kuzitofautisha na zile zilizopanda meli. Aliziosha kwa maji ya chumvi, akazianika, akazikaanga polepole hadi nyumba nzima ikanukia. Nyingine alizisaga ziwe rojo la kutia kwenye uji.

Majirani walizijua njugu za Mama Kanini, kama walivyomwita Mutheu kwa jina la binti yake. Wazee wa kanisa walizijua zaidi. Lakini aliyezila kuliko wote alikuwa mumewe, Maluki.

Maluki alikuwa fundi wa mawe. Kuta nyingi za mtaa wa Membley zilipita mikononi mwake, na kila asubuhi aliondoka na njugu kwenye mfuko wa koti, azile saa nne na chai ya rangi, azile tena saa saba ikiwa chakula cha mjengo hakikumpendeza. Jioni alikunywa uji wa wimbi uliotiwa rojo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na pombe hakuijua. Hata uji uliochachuka alikataa.

"Huo ni binamu ya pombe," alimwambia mkewe, naye hakuwa akitania.

Mwezi wa pili mwaka huu Maluki alianza kukonda. Mwezi wa tatu tumbo lilivimba huku mikono ikibaki mifupa. Mwezi wa nne macho yake yaligeuka manjano, na kanisani watu wakaanza kunong'ona. Ini, walisema. Kila mtu anajua ini huharibiwa na nini. Mtu mmoja akakumbuka kwamba alimwona Maluki huko Kamakis, kwenye zile nyumba za nyama choma ambazo chupa hazikauki mezani. Mwingine akasema alimwona mara tatu. Kwamba binti yao Kanini alihudumia meza pale, na kwamba baba alipita kumsalimia akitoka kazini, hakuna aliyejisumbua kulisema. Kamati ya kanisa ilimwomba Maluki apumzike kidogo katika utumishi. Kisha ikatuma habari: Jumamosi wazee wangemtembelea nyumbani, wazungumze naye kama ndugu, na akiwa na neno la kuungama, aungame.

Maluki alisoma ujumbe huo kwenye simu akiwa ameegemea mto. Aliusoma mara mbili. "Miaka ishirini nimewatumikia," alisema. "Nitazikwa kama mlevi."

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko tumbo, na Mutheu aliliona.

Jumatatu ya wiki hiyo walikwenda hospitali kuchukua majibu. Maluki alibaki nje kwenye benchi kwa sababu hakuweza kusimama foleni, na Mutheu akaingia peke yake kwa daktari, msichana wa Bungoma aliyeitwa Nekoye.

"Mzee anakunywa?"

"Hapana."

"Mama, mimi si pasta. Nataka kujua tu."

"Hanywi, daktari. Hata kuonja."

Daktari Nekoye alimweleza taratibu, sentensi moja kisha akangoja. Kwenye ini la Maluki kulikuwa na uvimbe mkubwa, na mingine midogo kuuzunguka. Ulikuwa umefika mahali ambapo kisu hakingesaidia. Damu ilionyesha virusi vya ini vya aina ya B, ambavyo huenda aliishi navyo tangu utotoni bila habari. Lakini kuna kitu ambacho kikikutana na virusi hivyo, ini huharibika haraka.

"Mnakula mahindi ya wapi?"

"Unga wa pakiti. Ya gunia siyagusi. Mimi ni wa Makueni."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Na njugu?"

Mutheu alijisikia akiketi wima. "Njugu tunakula. Lakini ni safi. Nazichambua mwenyewe, ndiyo kazi yangu."

"Unazichambua kutoka wapi?"

Hakuwahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu asiye wa kiwandani. Alilisema sasa: ndoo nyekundu, magunia ya nyuma ya stoo, kopo la Ijumaa, konzi nne katika kumi. Alipokuwa akisema alimwona daktari akiweka kalamu chini.

"Mama, ukungu unauona. Sumu yake huioni," daktari alisema. "Ile redioni wanaita aflatoksini. Inaingia ndani ya njugu, na njugu inaweza kubaki nyeupe kama meno. Ukikaanga, ukungu unakufa, sumu inabaki. Ukiosha, inabaki. Kiwanda kinatoa zilizoharibika ili sumu itoke nazo. Sasa karibu sumu yote ya gunia zima iko kwenye ile ndoo. Hata zinazoonekana nzuri mle ndani, nazo huenda zina sumu."

"Mimi nilitoa mbaya zote."

"Ulitoa ulizoziona." Daktari alisugua macho. "Zinaharibika hata kabla hazijafika kwenu. Mama yangu mwenyewe, kijijini, anazing'oa mvua ikinyesha, anazilaza kwenye udongo. Siku ya kubambua ananyunyizia maji ili maganda yalainike, vidole visiume. Halafu anatia kwenye gunia zikiwa na unyevu. Nimegombana naye nimechoka. Ananiambia vidole ni vyake."

Mutheu hakuwa akiisikiliza habari ya mama wa Bungoma. "Kwa hivyo ni mimi," alisema.

"Sijasema hivyo. Hakuna daktari anaweza kuapa."

"Lakini unafikiri."

Daktari Nekoye aliokota kalamu, akaiweka tena. "Nafikiri zilichangia," alisema. "Wewe na binti yako mje mpimwe. Na hizo njugu, mama, zisiliwe tena na mtu."

Nje kwenye benchi Maluki alimuuliza wamesema nini. Mutheu akamwambia wamesema ini. "Wamesema limetoka wapi?" Akasema hawakusema.

Siku hizo nne alizunguka nyumba kama mgeni. Kila alipofungua mdomo amwambie, maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Alipika uji usio na rojo. Maluki alionja, akausukuma. "Uji huu umekufa," alisema. Alijaribu supu, ndizi za kuponda, maziwa. Vyote vilirudi juu. Jumanne hakula. Jumatano hakula. Alhamisi, mumewe akiwa ameufunga mdomo na kuutazama ukuta, Mutheu alishika kijiko kimoja cha rojo, akasimama nacho juu ya sufuria hadi uji ukaanza kushika chini. Kisha akakitia. Maluki alikunywa kikombe kizima na kulala.

Jumamosi saa nne wazee walifika. Maluki alikuwa amevalishwa koti na tai, shingo ikielea ndani ya kola, mto nyuma ya mgongo. Pasta Nicanor aliingia kwanza, kijana mwembamba mwenye Biblia kwapani, na nyuma yake mzee Mutie, fundi wa mbao, mtu mnene wa vicheko ambaye alimjua Maluki tangu walipohamia Theta.

"Hodi kwa fundi! Bado unapumua ama tumechelewa?"

"Napumua, Mutie. Lakini kwa zamu."

Mutie alicheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili. Mutheu alileta chai, akaweka vikombe, akarudi nyuma. Mutie alitazama meza, akainama akatazama hata chini yake.

"Mama Kanini, chai leo imekuja peke yake? Imeachwa na mwenzake?"

"Leo hakuna kitu, mzee."

"Hakuna! Nimepita nyumba mbili nikikataa chai kwa sababu nakuja hapa. Pasta, andika: tumekaribishwa vibaya."

"Ziko," Maluki alisema. "Kopo liko chini ya meza ya jikoni. Waletee njugu, mama."

"Zimeisha."

"Jana nimeliona."

Mutheu hakuondoka mlangoni. Pasta Nicanor, aliyetaka jambo liishe, akakohoa.

"Ndugu Maluki, tumekuja kwa upendo. Hakuna anayekuhukumu. Lakini watu wanasema, na wewe ni mzee wa kanisa. Ulionekana Kamakis."

"Mtoto wangu anafanya kazi Kamakis."

"Mara tatu."

"Ningekuwa na watoto watatu pale ningeenda mara tisa."

"Baba Kanini," Mutie alisema, sasa bila kicheko, "mimi ni mtu wako. Kabla sijaokoka nilikunywa hata vitu vya kusafishia mbao. Hakuna aibu. Ini la mtu asiyekunywa haliwi hivyo. Sema tu, tukuombee, urudi kwenye meza ya Bwana kabla ya... urudi tu."

Maluki aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa macho yake ya manjano. "Mnataka niungame kitu ambacho sijafanya," alisema, "ili nife nikiwa mwongo. Hapo ndipo mtanizika vizuri?"

Mutheu alikwenda jikoni. Aliporudi alikuwa amelibeba kopo kwa mikono miwili, akaliweka katikati ya vikombe.

"Hii ndiyo pombe yake," alisema.

Mutie hakuelewa. Alidhani ni mzaha wa kupunguza joto la chumba. Akatabasamu kwa shukrani, akapeleka mkono koponi. Mutheu alimshika mkono, akaukaza. Hakuwahi maishani mwake kumshika mzee wa kanisa kwa namna hiyo.

"Usile."

Akasimulia. Hakuzunguka. Alisema zilitoka ndoo gani, alisema yeye ndiye aliyezileta, alisema daktari alisema nini kuhusu kukaanga na kuosha na macho. Alisema yote akimtazama Mutie, kwa sababu upande wa pili wa chumba alikoketi mumewe hakuweza kutazama.

Mutie aliutoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena. "Mimi nimekula hizi tangu lini?"

"Tangu mlipojenga ukuta wa kanisa."

"Miaka saba hiyo. Nikijaza mfuko. Nikimpelekea mama watoto. Mama Kanini, wewe ulikuwa ukinijazia mfuko."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hivyo si pombe," Pasta Nicanor alisema. Alikuwa amelishika hilo moja tu, nalo halikumfurahisha. "Hospitali imeandika?"

"Daktari anasema hawezi kuapa. Mimi naapa. Weka hiyo Biblia hapa."

Pasta hakuiweka. Aliomba sala fupi, fupi mno kwa mgonjwa, na wakasimama. Vikombe vyote viwili viliachwa vimejaa. Mutie alipofika kwenye geti aligeuka, akauliza kwa sauti ya chini mtu hupimwa wapi, na kama foleni ni ndefu.

Mutheu aliporudi ndani, Maluki alikuwa amejifungua tai.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na uji wa Alhamisi."

Mutheu akasema, "Kijiko kimoja. Ulikuwa hujala siku tatu."

Maluki aliufikiria uji huo kwa muda mrefu, kama alivyozoea kutazama ukuta kabla ya kusema umepinda au haujapinda. "Ulikuwa mtamu," alisema. Hakukuwa na msamaha ndani ya neno hilo, wala hasira. Alikuwa akitoa ushahidi. Baadaye kidogo akauliza, "Wale wenzako wa mkanda. Wanajua?"

"Hawajui."

"Yule msichana uliyemfundisha kazi, Shiko, si ana watoto?"

"Wawili."

"Utawaambia."

"Gichuru atanifukuza, Baba Kanini. Na wewe ukiwa hivi."

"Atakufukuza," Maluki alikubali, akafumba macho.

Mutheu aliwaambia Ijumaa iliyofuata, saa ya kutoka, kina mama wakiwa wamepanga makopo nyuma ya stoo. Alipomaliza, wote wakasema kwa pamoja.

"Sasa unataka tule nini, Macho? Mkanda?"

"Mume wako ni mgonjwa, pole. Wangu amekula miaka minane na ananipiga bado, nguvu iko!"

Wakacheka, lakini vicheko vilikuwa vikavu. Wanawake watatu waliinamisha makopo yao na kurudisha njugu guniani. Shiko, binti wa Kikuyu wa miaka ishirini na minne aliyefundishwa kazi na Mutheu mwenyewe, alilishika la kwake kifuani na kuwatazama wengine, akingoja kuona wengi wataelekea wapi.

Gichuru alitoka ofisini kufuata kelele. Aliposikia, uso wake ulibadilika rangi, na akauliza kwa sauti ambayo hata walinzi wa getini waliisikia, "Nani aliwaambia mchukue hizo? Mimi? Lini? Kuna karatasi? Kumbe mmekuwa mkiiba!" Hivyo ndivyo baraka ya miaka minane ilivyogeuka wizi katika dakika moja. Magunia yakaingizwa stoo, ikatiwa kufuli. Siku hiyo wanawake kumi na wawili walikwenda nyumbani mikono mitupu, na waliyemlaumu si Gichuru. Moto haukuwashwa, magunia yaliondoka kwa lori Jumatatu, na Mutheu alipouliza yanakwenda wapi aliambiwa, kwenye kiwanda cha sabuni. Msimu ulipofungwa wachambuaji walipumzishwa kama kila mwaka, na ulipofunguliwa, jina lake halikuwa kwenye orodha.

Maluki alifariki mwezi wa saba. Mutie alirekebisha alilosema: jeneza liliingizwa kanisani, na yeye mwenyewe alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba ndugu huyu hakuonja pombe tangu azaliwe, na aliyesema vinginevyo, akiwemo yeye Mutie, amesingizia. Watu waliinamisha vichwa. Walimwamini. Lakini mtu akiamini kwamba si pombe, huuliza basi ni nini, na hilo pia walikuwa wamelisikia.

Siku ya mazishi kina mama wa kanisa walikuja alfajiri na sufuria zao, unga wao, mafuta yao. Mutheu aliona ni huruma. Adhuhuri ndipo alipoelewa: chumvi ilikwisha, naye akaleta ya kwake kutoka rafuni, na mama aliyekuwa akikoroga akasema asante, akaiweka chini, akamtuma mtu dukani.

Baada ya hapo wageni waliokuja kumpa pole waliketi, wakaomba, na chai ilipotajwa wakasema, "Tumeshiba, mama. Tumetoka kula sasa hivi." Kanini alikuja kila Jumapili kutoka Kamakis. Alikula, lakini aliingia jikoni akapika mwenyewe, akisema mama apumzike.

Siku ya Jumamosi, miezi miwili baadaye, Shiko alibisha geti. Alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kopo.

"Sasa, Macho."

"Poa. Hiyo umetoa wapi?"

"Gichuru amefungua tena. Kimyakimya, kwa wale hawana maneno." Shiko hakumtazama usoni. "Nimechambua mara tatu, walahi. Mara tatu! Nimebakisha kidogo tu. Lakini nikakumbuka yale ulisema, nikaogopa. Nikasema, wacha Macho aangalie. Wewe ukisema ni safi, mimi nawapa watoto."

Mutheu alilipokea kopo, akalipeleka mlangoni penye jua, akalitazama. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzima, nyeupe, zimelingana. Mtoto huyu alikuwa amejifunza kazi. Mkono wa Mutheu mwenyewe uliingia, ukatoa moja, ukatoa nyingine, kisha ukasimama. Aliziangalia zile mbili kiganjani na zile zilizobaki koponi, na hakuona tofauti yoyote.

Alivuka uani hadi chooni, akalimwaga kopo lote shimoni.

"Woi! Macho!" Shiko alikuwa amemfuata mbio. "Hicho ni chakula cha wiki! Si ungesema tu? Si ungenirudishia? Ngai, sasa nitawapa nini?"

Mutheu aliingia ndani, akatoka na pakiti ya unga aliyoifungua jana, imejaa zaidi ya nusu. Akamnyooshea. Shiko aliitazama pakiti hiyo, akamtazama aliyeishika, na Mutheu akajua anachofikiria kwa sababu alikuwa amekiona kwenye nyuso nyingi tangu mazishi. Msichana akaichukua. Aliipeleka kwenye jua, akafungua mdomo wa pakiti, akanusa. Alitia kidole, akasugua unga kati ya vidole viwili karibu na macho, kama alivyofundishwa. Kisha akakunja pakiti, akainua kopo ili autie unga humo.

"Si humo," Mutheu alisema.

Shiko alisita, akabeba pakiti mkononi. Kopo alilitia kwapani. Hakuaga. Mutheu alimtazama akishuka barabara ya vumbi hadi kwenye kona. Ilikuwa Jumamosi; Ijumaa nyingine ilikuwa siku sita mbele.